Mkaguzi Akija Shambani, Humsikia Nani?

Sisi akina mama tu wakaguzi wa chakula tangu zamani, ijapokuwa hakuna aliyetupa cheti. Sokoni tunabonyeza nyanya, tunafunua mashavu ya samaki kuona kama bado ni mekundu, tunaingiza mkono hadi chini ya gunia la maharage kutafuta wadudu. Nyumbani tunapepeta mchele na kuchagua mawe kabla ya kuutia sufuriani. Watoto wetu wanakula kwa amani kwa sababu kuna mtu aliyetangulia kuangalia.

Lakini liko jambo moja ambalo hata mama mwenye jicho kali namna gani hawezi kulitambua kwa kubonyeza wala kwa kunusa. Majani ya chai yaliyochumwa na mama aliyelipwa haki yake na kutendewa kwa heshima, na yale yaliyochumwa na mama aliyelazimishwa kulala na msimamizi ndipo apewe kazi, yote yana rangi moja na ladha moja. Kikombe hakisemi kitu.

Ndiyo sababu umezidi kukua utaratibu wa kuwatuma watu waende mashambani na viwandani kuangalia jinsi wanaotulimia na kutufungashia chakula wanavyotendewa. Utaratibu huo huitwa ukaguzi wa maadili. Tumependa tuueleze hapa, maana huenda binti yako, dada yako au wewe mwenyewe ndiye atakayeulizwa maswali na mkaguzi siku moja. Tena yafaa tujue ni wapi ukaguzi huo unafaulu, na ni wapi unashindwa.

Ukaguzi huu ni wa namna gani?

Ukaguzi wa mahesabu tunaujua. Hata vikundi vyetu vya akina mama hukaguliwa fedha zao. Mkaguzi wa maadili, yeye, hakagui fedha peke yake. Hufika shambani, kiwandani au kwenye banda la kufungashia mboga, akaangalia daftari la mishahara na mikataba ya kazi. Huangalia vyoo, maji ya kunywa, na mavazi ya kujikinga na dawa za kuulia wadudu. Huangalia umri wa vijana walioko kazini. Kisha huzungumza na wenye mali, na huzungumza na wafanyakazi. Mwishoni huandika taarifa, na kwa taarifa hiyo mnunuzi aliye mbali huamua kama ataendelea kununua au la.

Utaratibu huu haukuanza jana. Mwaka 1988 huko Uholanzi, kahawa ya wakulima wadogo wa Mexico ilianza kuuzwa ikiwa na nembo ya Max Havelaar, ili mnunuzi ajue kwamba mkulima amelipwa bei ya haki. Mwaka 1997 kikatokea kipimo kiitwacho SA8000, ambacho kiwanda chochote duniani chaweza kukaguliwa kwacho. Mwaka 1998 nchini Uingereza, makampuni, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya hiari waliunda umoja unaoitwa Ethical Trading Initiative, wakakubaliana juu ya mambo tisa.

Mambo hayo ni haya: kazi iwe ya hiari, wafanyakazi wawe huru kujiunga na chama chao, mahali pa kazi pawe salama na safi, watoto wasitumikishwe, mshahara utoshe mtu kuishi, saa za kazi zisipite kiasi, pasiwe na ubaguzi, mtu apate ajira ya kueleweka, asigeuzwe kibarua maisha yake yote, na asiwepo wa kupigwa, kutukanwa wala kunyanyaswa. Ukiyatazama vizuri, utaona kwamba hayo ndiyo ambayo mama yeyote angemwombea mwanawe anayekwenda kuanza kazi ugenini.

Maovu yaliyoufungua macho ulimwengu

Yaliyowasukuma wanunuzi na serikali kukaza ukaguzi ni misiba. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004, katika ghuba ya Morecambe nchini Uingereza, wahamiaji zaidi ya 20 kutoka China walikuwa wakiokota kombe za kuliwa kwenye mchanga. Maji ya bahari yakajaa kwa ghafla, wakazama. Walikuwa wameletwa na mtu aliyewatumikisha kwa ujira mdogo bila kujali hatari ya mahali pale. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba yeyote anayepeleka vibarua katika kilimo na uokotaji wa kombe ni lazima awe na leseni.

Mwaka 2015, wanawake wanne waandishi wa shirika la habari la Associated Press walifuatilia samaki kutoka kijiji cha Benjina, kilichoko kisiwani nchini Indonesia. Huko waliwakuta wavuvi waliotumikishwa kama watumwa, wengine wamefungiwa kizimbani. Wakaifuata njia ya samaki hao hatua kwa hatua hadi kwenye maduka makubwa ya Marekani. Watu zaidi ya 2,000 walipata uhuru wao kutokana na kazi ya akina mama hao, na mwaka 2016 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Pulitzer.

Na hapa Afrika? Ghana na Ivory Coast hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, ambayo ndiyo hutengenezewa chokoleti. Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia sahihi mapatano ya kukomesha utumikishwaji mbaya wa watoto katika kakao. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 2020, utafiti wa taasisi ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago ulionyesha kwamba watoto wapatao milioni 1.56 walikuwa bado wanatumikishwa katika kilimo cha kakao katika nchi hizo mbili.

Kwa sababu ya mambo kama hayo, nchi zinazonunua zimeanza kutunga sheria. Uingereza ilipitisha sheria dhidi ya utumwa wa kisasa mwaka 2015. Ufaransa ilifuata mwaka 2017 kwa kuyawajibisha makampuni makubwa kwa yanayotendeka kwa wale wanaowauzia. Sheria ya Ujerumani ilianza kutumika mwaka 2023. Umoja wa Ulaya ulipitisha ya kwake mwaka 2024, ijapokuwa mwaka uliofuata uliisogeza mbele tarehe ya kuanza kutumika. Zamani kampuni iliweza kusema, "Hatukujua." Siku hizi inaulizwa, "Mlifanya nini ili mjue?"

Yaliyofichuliwa Kericho

Hapo twaweza kudhani kwamba tatizo limekwisha: mkaguzi ameshapita, cheti kimetundikwa ukutani, nembo imechapwa kwenye pakiti. Habari za Kericho zinatuonya tusiharakishe.

Kericho ni nyumba ya chai ya Kenya, na karibu nusu ya chai inayonywewa Uingereza hutoka Kenya. Mwezi Februari 2023, shirika la utangazaji la BBC lilionyesha filamu juu ya mashamba makubwa yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 waliwaambia waandishi kwamba walinyanyaswa na wasimamizi wao. Hadithi zao zilifanana. Ukikataa, unapangiwa kazi nzito kupita nguvu zako, au jina lako linakosekana siku ya kuita vibarua. Ukikubali, unarudi nyumbani na siri ambayo huwezi kumwambia mume wala mama mkwe. Mmoja alisema kwamba aliambukizwa virusi vya ukimwi. Mwandishi mmoja wa kike aliyejifanya mtafuta kazi aliitwa kwenye usaili uliofanyika katika chumba cha hoteli.

Kampuni zote mbili zilisema zimeshtushwa, wasimamizi kadhaa walisimamishwa kazi, na Bunge la Kenya liliagiza uchunguzi. Lakini mashamba haya hayakuwa yamejificha. Yale ya Unilever yalikuwa yamepata cheti cha Rainforest Alliance tangu mwaka 2007. Na mwaka 2011 taasisi ya utafiti ya SOMO ya Uholanzi ilikwisha kuandika malalamiko ya wafanyakazi wa Kericho juu ya wasimamizi wanaodai ngono. Tangu hapo hadi filamu hiyo ni zaidi ya miaka kumi. Wakaguzi walikuja, wakaandika, wakaondoka, na mchumaji akabaki na lake moyoni.

Kwa nini hawakuona?

Tukifikiri kama wanawake, jibu halituwii gumu. Mara nyingi siku ya ukaguzi hujulikana mapema. Vyoo husafishwa, sabuni huwekwa, na vibarua wasio na mikataba huambiwa wapumzike siku hiyo. Mkaguzi hukaa siku chache tu katika shamba lenye maelfu ya watu. Wafanyakazi wa kuhojiwa huenda wakachaguliwa na meneja, wakaitwa ofisini, nje ya mlango amesimama mnyapara. Muulizaji ni mwanaume, mgeni, anaandika kila neno. Je, wewe ungemweleza?

Mfanyakazi akiulizwa, "Mnanyanyaswa hapa?" atajibu, "Hapana, tunaishi vizuri." Hasemi uongo kwa kupenda. Anawafikiria watoto wake na karo ya muhula ujao. Anajua kwamba mkaguzi ataondoka na gari lake jioni, na kesho yake asubuhi atakayepima majani kwenye mizani ni yuleyule msimamizi.

Watafiti Stephanie Barrientos, Catherine Dolan na Anne Tallontire waliliandika jambo hili mapema, mwaka 2003. Walichunguza mashamba ya matunda ya Afrika Kusini, maua ya Kenya, na maua na mboga ya Zambia. Waliona kwamba kanuni za maadili ziliwafaa zaidi wafanyakazi wa kudumu, wakati wanawake wengi walikuwa vibarua wa msimu. Mambo yaliyowagusa hasa akina mama, kama ujauzito, mahali pa kuacha mtoto, na madai ya wasimamizi, yaliponyoka kwa urahisi. Chombo cha mezani kilichowekwa kumbi kubwa mno hakitashika chuya ndogo.

Kuna na jambo la fedha. Mara nyingi anayelipia ukaguzi ni shamba lenyewe linalokaguliwa. Mnunuzi anataka cheti, lakini hapohapo anataka bei ishuke. Basi mwenye shamba analipia karatasi, kisha anabana pale panapobanika kwa urahisi, yaani kwenye ujira wa mchumaji.

Mfano wa wachuma nyanya

Je, tuache basi, tuseme ukaguzi ni bure? La. Upo mfano mmoja, mbali na kwetu, unaoonyesha kwamba kazi hii yaweza kufanywa ikafaa. Tunautaja kwa sababu walioupanga ni vibarua wenyewe.

Mji wa Immokalee uko katika jimbo la Florida, Marekani, katikati ya mashamba ya nyanya. Wachumaji wake wengi ni wahamiaji kutoka Mexico, Guatemala na Haiti. Hapo zamani kulikuwa na kesi za kweli za utumwa zilizofika mahakamani, na wanawake waliona kunyanyaswa mashambani kama sehemu ya kazi. Mwaka 1993 wafanyakazi hao walianza kukutana, wakaunda umoja wao. Kwanza waliwageukia wenye mashamba. Kisha walikwenda kwa wanunuzi wakubwa, wale wanaouza vyakula mijini. Waliwataka waongeze senti moja ya dola kwa kila ratili ya nyanya, nyongeza hiyo imfikie mchumaji, na waahidi kutonunua kwa shamba linalovunja kanuni. Mwaka 2005 kampuni ya kwanza ilikubali, baada ya watu kuisusia kwa miaka minne. Nyingine zikafuata, na kuanzia mwaka 2011 mpango huo ulienea karibu katika mashamba yote makubwa ya nyanya ya Florida.

Ukaguzi wao una tofauti gani na ule wa Kericho? Kwanza, wakaguzi huzungumza na angalau nusu ya wafanyakazi waliopo, si wachache waliochaguliwa na meneja. Pili, iko simu inayopokelewa usiku na mchana, na anayepiga hulindwa asilipiziwe kisasi. Tatu, wafanyakazi hufundishwa haki zao na wafanyakazi wenzao, ndani ya saa za kazi, na saa hizo hulipwa. Nne, msimamizi akithibitika kumshambulia mwanamke hufukuzwa, na shamba likimficha, linapoteza wanunuzi wake. Hapo mwenye shamba anakuwa na sababu ya kumsikiliza mchumaji kuliko mnyapara.

Tukiyaweka pamoja, tunaona kwamba cheti kina thamani kulingana na usalama wa yule anayeulizwa. Mwanamke akiweza kusema neno na kesho yake akakuta kazi yake ipo, ukaguzi huo ni wa kweli. Asipoweza, nembo kwenye pakiti inampamba muuzaji tu.

Yafaa kuongeza kwamba mnunuzi kukimbia si dawa. Baada ya habari za Kericho kutangazwa, Starbucks ilisimamisha ununuzi kwa James Finlay Kenya. Hasira ni haki. Lakini shamba likikosa soko, wa kwanza kuachishwa ni mama yuleyule aliyepata ujasiri wa kusema. Mnunuzi mwema hubaki, akadai mabaya yarekebishwe, na akalipa bei inayowezesha kurekebisha.

Na sisi tufanye nini?

Tukiwa wazazi, tuzungumze na mabinti zetu kabla hawajaondoka kwenda kutafuta kazi. Tusiwaambie tu, "Jihadhari." Tuwaambie kwamba kazi haiombwi hotelini, na kwamba sheria iko upande wao. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahesabu kudai ngono ili mtu apewe kazi au cheo kuwa ni rushwa, na ni kosa la jinai. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na maandishi yanayoeleza namna atakavyozuia unyanyasaji huo na namna ya kupeleka malalamiko. Binti ana haki ya kuuliza maandishi hayo yako wapi. Zaidi ya yote, ajue kwamba akirudi nyumbani na habari ya aibu, mama hatamuuliza alivaa nini.

Tukiwa wakulima na wanachama wa ushirika, tusiuone ukaguzi kuwa ni wa mashamba ya wazungu tu. Chai, kahawa na mboga za wakulima wadogo nazo hukaguliwa. Kabla mkaguzi hajafika, tuulizane kwenye mikutano yetu: vibarua wanaotuvunia wanalipwa siku tuliyoahidi? Anayepuliza dawa ana viatu na kinyago, au amejifunga kitambaa? Na katika kamati ya malalamiko kuna mwanamke hata mmoja?

Tunamkumbuka Ruthu, mjane mgeni aliyekwenda kuokota masazo ya mavuno ili yeye na mkwewe Naomi wapate kula. Naomi alijua hatari ya mwanamke maskini katika shamba la watu. Boazi, mwenye shamba, hakungoja lalamiko. Alisema na vijana wake mapema kwamba mwanamke huyu asisumbuliwe, na akahakikisha kwamba ana maji ya kunywa. Mwenye mamlaka ndiye anayetakiwa kuanza kusema, na wa kuambiwa kwanza ni wale wenye nguvu.

Na mwisho, njia ya chakula haikomei dukani. Inapita mlangoni mwetu na kufika jikoni, na hapo wengi wetu tuna msichana wa kazi. Yeye ndiye mkono wa mwisho kugusa chakula kabla hakijafika mezani, na hakuna mkaguzi kutoka Ulaya atakayekuja kumuuliza chochote. Basi tuyachukue yale mambo tisa tuyapitishe nyumbani kwetu. Ana umri gani? Nchini Tanzania mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Mshahara wake anaupokea mwenyewe, mkononi, kila mwezi? Ana siku ya kupumzika? Anakula chakula tunachokula? Mlango wa chumba anacholala una kitasa kinachofungika kwa ndani?

Na liko swali moja zito zaidi: kama mtu wa nyumba hii angemsumbua usiku, angekuwa na nani wa kumwambia? Kama jibu ni "mama mwenye nyumba", basi amwambie leo, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba atasikilizwa na hatafukuzwa.